Mwaka Niliofungiwa Makomeno

Tulimzika shemeji yangu Donatien siku ya Alhamisi. Kesho yake asubuhi, wageni wa kilio wakiwa bado wamelala kwenye mikeka sebuleni, nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha sahani pamoja na Nanu, binti yake. Nanu sasa ni mama wa watoto wawili, anaishi Kolwezi, na ilikuwa miaka mingi hatujakaa hivi, sisi wawili tu. Alisugua sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema bila kuniangalia: "Tante, niko na swali. Ule mwaka ulikaaka na sisi hapa, ulifukuzwaka juu yangu, ni vile?" Nikamwuliza kwa nini anafikiri hivyo. "Juu nilifanyaka alama ya musalaba ku meza. Kisha wewe ukatoka. Hakuna muntu aliniambiaka kitu." Wakati ule alikuwa na miaka sita. Nilifikiri ni muda gani amelibeba jambo hilo peke yake, nikaona aibu kwamba sikuwahi kulijua. Nilimjibu pale pale, mikono yetu ikiwa na sabuni, lakini nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu wajomba walikuwa wameanza kuamka na kuomba maji ya moto. Jibu refu ni hili.

Sitasimulia habari za wazazi wangu, wala safari iliyonileta mjini kutoka kaskazini. Vijana wengi wa kwetu wameifanya safari hiyo. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, nimebakiza mwaka wa mwisho wa sekondari, na dada yangu mkubwa, Yaya Filo, alinichukua nyumbani kwa mume wake, mtaa wa Makomeno, ili nifanye mtihani wa Serikali nikiwa kwake. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye vyumba vikubwa na sakafu ya saruji nyekundu ambayo tuliipaka nta kila Jumamosi mpaka magoti yetu nayo yakawa mekundu. Madirisha yote yalikuwa na vyuma. Ukuta wa uwanja ulinipita urefu, umepandwa vipande vya chupa juu, na lango lilikuwa la bati zito la kijani, ambalo likifungwa hata aliyekuwa jikoni alilisikia. Mimi nilipewa chumba cha uwanjani, katika ile nyumba ndogo ambayo zamani ilijengwa kwa ajili ya watumishi. Hakikuwa na dirisha la kufungua. Kulikuwa na safu mbili za matofali yenye matundu, na mwanga wa asubuhi ulipita humo ukaanguka juu ya kitanda changu vipande vipande. Siku za kwanza nilikipenda sana chumba hicho. Sikuwahi kulala peke yangu maishani.

Jumapili ya kwanza nilivaa gauni langu la kitenge, nikapita barazani. Shemeji Donatien alikuwa amekaa na kikombe cha chai, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri. "Unaenda wapi, Béa?" "Ku misa, Shemeji." Alivuta kiti cha pili. "Ikala kwanza. Yaya yako hakukuambia? Mu hii nyumba hatuendake ku kanisa. Hatuombake. Ikuwe Katoliki, ikuwe bale ba kupiga kelele, yote ni moja. Hapa unasoma, unakula, unalala muzuri. Ile ingine utafanya siku utakuwa na nyumba yako." Nilicheka, nikidhani ananitania, maana kati ya shemeji na shemeji utani ni halali. Yeye hakucheka. Aliinuka, akatembea taratibu mpaka langoni, akalifunga kwa kufuli, akatia ufunguo katika mfuko wa shati, akarudi akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Lazima niseme wazi kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Sikumwona akimpiga mtu. Alininunulia vitabu vya shule bila kuombwa. Jioni alinisikiliza nikirudia masomo ya kemia, naye akinisahihisha, ingawa aliiacha shule muda mrefu uliopita. Laiti angekuwa mkatili, ningemchukia nikapumzika. Kazi yake ilikuwa kupitisha mizigo ya watu mpakani, na mara mbili kwa mwezi alikwenda Mokambo akakaa siku kadhaa. Nilidhani siku hizo nitapata nafasi. Kumbe ndizo zilizokuwa ngumu zaidi, kwa sababu ufunguo ulibaki kwa Yaya Filo, na Yaya Filo hakuweza kumdanganya mume wake. Akirudi alimwuliza huku akimtazama machoni, naye alijibu kila kitu. Kutoka shuleni mpaka nyumbani ni dakika ishirini kwa miguu. Wote wawili walijua ni dakika ishirini.

Sababu yake ya kukataza sala niliisikia kwa bahati, Jumamosi moja mchana, nikiwa nimepiga magoti kwenye ukumbi na kitambaa cha nta. Shemeji alikuwa barazani na mwenzake wa kazi, wanakunywa bia. Mwenzake alikuwa akimcheka kwamba siku atakayokufa hakutapatikana hata wa kumsomea sala. Shemeji akasema, kwa sauti ileile ya upole: "Mama yangu alikuwa na ugonjwa ya sukari. Nilimununulia dawa, nikamupangia mu vipaketi: ya siku ya kwanza, ya siku ya pili, yote. Nikaenda Mokambo. Nyuma yangu ule pastere akamuambia kama dawa ni alama ya kukosa imani. Afunge kula siku makumi mbili na moja. Nikarudia, nikakuta nyumba imejaa bantu, banaimba. Banaimba, ndugu yangu! Mama eko chini ku mukeka, amekauka kama kuni, na beko banaimba." Mimi nilibaki pale sakafuni, kitambaa kimenata mkononi. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba imani niliyolelewa nayo haikumnyima mtu dawa hata siku moja, kwamba masista wa kwetu ndio waliotuchoma sindano tulipokuwa watoto. Lakini ningefikaje mbele yake na maneno hayo? Kwake yeye, mtu anayepiga magoti ni mmoja wa wale waliouzunguka mkeka. Kosa la mchungaji ambaye sikumjua lilikuwa limegeuka kufuli, na mimi nilikuwa ndani ya kufuli hilo.

Yaya Filo alikuwa ndani yake muda mrefu kabla yangu. Huyu ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya kwetu. Watu waliochelewa misa walisimama nje ili wasikie sauti yake tu. Makomeno niliikuta sauti hiyo imepungua mpaka ikawa mvumo usio na maneno. Aliuvumisha akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mapigo ya mchi yaliufunika. Shemeji akiingia uwanjani, mvumo ulikatika, mchi ukaendelea. Mezani tulikaa wote: bukari katikati, sombe lenye mawese, samaki wa tomson aliyekaangwa mpaka mifupa ikatafunika. Shemeji alijipakulia kwanza, tukaanza kula papo hapo. Nilijifunza kumshukuru Mungu katika muda wa kupuliza tonge la moto. Ni muda mfupi, lakini unatosha.

Aliyenisaidia kuishi mwaka ule ni Clarisse. Tulikaa dawati moja shuleni. Wazazi wake walitoka Kasai, baba yake aliuza vitenge Katuba, mtaa mwingine wa mjini, na yeye aliongoza kikundi kidogo cha vijana waliokuwa wakisali pamoja wakati wa mapumziko, jambo lililowafanya wenzetu wawaite "bapadri" na kuwafichia madaftari. Nilipomweleza habari ya kufuli, hakunihurumia. Aliuliza tu: "Robine yenu ya kufulia iko upande gani?" Bomba lilikuwa nyuma, karibu na ukuta, na chini ya ukuta kulikuwa na tundu la kutolea maji machafu. Tangu Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, Clarisse alitoka Katuba, akaja akachuchumaa katika kichochoro upande wa pili. Mimi nilikuwa bombani na beseni la nguo. Mbele ya nyumba Shemeji aliosha gari lake, redio ikipiga rumba kwa nguvu.

"Béa, uko?"

"Niko."

"Leo ni ile ya baba na batoto wake wawili. Sikiliza."

Alisoma Injili yote kupitia tundu la maji, kisha akanieleza padri alihubiri nini, kisha somo la kipaimara, kwa maana alikuwa ameandikisha jina langu kwa katekista, na katekista alikubali nifundishwe ng'ambo ya ukuta. Siku nyingine alikuja na wenzake wawili wa kikundi, wakaniimbia wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Wapita njia waliwacheka: "Angalia bale, banaimbia ukuta!" Jirani mmoja aliwamwagia maji ya vyombo ili waondoke. Jumapili iliyofuata walirudi. Nguo zangu mwaka ule zilikuwa safi kupita za mtu yeyote Makomeno, na zilichakaa upesi.

Nanu alipenda kukaa kando ya beseni akicheza na povu. Sikumfundisha kitu. Nilikuwa mwangalifu, nikiogopa, lakini macho ya mtoto hayafungiki. Mchana mmoja wa Jumapili, muda mfupi baada ya Pasaka, tulikuwa tumekaa mezani, Shemeji amekwisha kumega tonge, mara Nanu akanyanyua mkono wake mdogo, akaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega lile, polepole, kwa bidii, kama mtoto anayefunga kamba za viatu. Shemeji alirudisha tonge sahanini. "Nani alikufundisha?" Nanu alijibu kwa furaha: "Ni vile Tante anafanyaka pa robine!" Yaya Filo alishika ukingo wa meza. Shemeji alimwambia mtoto abebe sahani yake akamalizie kula jikoni. Aliponawa mikono na kuifuta kidole kwa kidole, ndipo alipozungumza.

"Béa, mutihani iko mu miezi mbili. Karatasi yako ya mutihani iko kwangu. Unipe neno moja tu: hautaomba tena mu hii parcelle, na hautagusa mutoto wangu na ile mambo. Ukikatala, nitakutafutia nafasi mu camion, unarudia kwenu mbele ya mutihani. Fikiri. Sikupe haraka."

Kurudi kwetu kwa lori kabla ya mtihani ilikuwa ni kuzika shule, maana kule sekondari ilikuwa imekwisha kufungwa kwa ajili ya vita. Kesho yake shuleni nilimweleza Clarisse, nikitegemea atanitia nguvu. Alikuna kichwa. "Mupe ile neno," alisema. "Mungu anaona mu roho." Yaya Filo aliniambia vilevile, akichambua matembele bila kuinua macho: "Sema ndiyo, Béa. Mie nilisemaka ndiyo. Hauone niko muzima?" Nilimwangalia. Vidole vyake vilikuwa vinatenga majani mazuri na kuyatupa pamoja na mabaya. Hakuwa ameona.

Nikasema ndiyo. Shemeji alinipa mkono kama mtu mzima, akafurahi kwelikweli, na jioni alituletea kuku wa kuchoma. Jumapili sikwenda bombani. Nilijilaza chumbani, nikasikia, kwa mbali, "Béa, uko?" Na tena: "Béa?" Kisha, kwa mshangao wangu, akaanza kusoma. Alisoma yote mpaka mwisho, akiusomea ukuta na beseni tupu. Jumapili ya pili ikawa hivyo. Ya tatu alisema: "Leo niko na kikohozi, nitasoma kidogo tu," akasoma yote, akikatizwa na kukohoa. Nilikuwa nimebana uso kwenye matundu ya matofali mpaka shavu likapata alama. Jambo lililonitisha ni kwamba nilikuwa nimelitimiza lile neno bila kukusudia. Nilipojaribu kusali moyoni, mahali ambapo hakuna mwenye ufunguo, sikuweza. Miezi yote ya kufungiwa nilikuwa na chumba kimoja ndani yangu kilicho wazi. Sasa uongo wangu mwenyewe ulikuwa umekifunga hicho nacho, na nilihisi pumzi inaniishia, mchana kweupe, kitandani kwangu.

Mchana uleule nilimwendea Shemeji. Alikuwa mezani ameifungua pasi iliyoharibika, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti. Nilisimama kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

"Shemeji, nilikudanganya. Nilisema sitaomba. Nitaomba."

"Umeomba?"

"Bado. Nitaomba leo."

Aliweka bisibisi chini. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao wa kweli. "Juu ya nini unakuja kuniambia? Kama ungenyamaza, mie singejua."

Sikuwa nimepanga jibu. Lilitoka lenyewe. "Bale balikuwa na mama yako balimudanganya, na weye pia. Sitaki ukute tena muntu wa kuomba mwenye kukudanganya mu nyumba yako."

Hakujua kwamba najua. Aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliuogopa mwili wake. Yaya Filo alitokea mlangoni. Shemeji akaokota kiti, akakisimamisha mahali pake. "Usitaje mama yangu," alisema. Kisha: "Kesho utatoka."

Hilo ndilo nililomwambia Nanu kwa ufupi juu ya beseni la vyombo: haikuwa juu yako. Ile alama yako ilikwisha kusahauliwa nilipompa baba yako lile neno. Mimi ndiye niliyemwendea kwa miguu yangu.

Asubuhi Yaya Filo alikuwa amefunga mfuko wangu, akatia na karanga katika kipande cha gazeti. Alirekebisha kola yangu, akairekebisha tena. Shemeji mwenyewe alibeba mfuko mpaka barabarani. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu shule kama kitu kilichokufa, na nilikuwa natafuta maneno ya kuwaandikia wazazi, wakati alipotia mkono katika mfuko wa shati, ule wa ufunguo, akatoa karatasi yangu ya mtihani iliyokunjwa mara nne. "Mutihani ni mutihani," alisema. "Usichelewe." Akaingia ndani, na bati likajifunga. Nilipogeuka nilimwona Nanu kwenye dirisha la sebule, ameshika vyuma. Nilimpungia mkono. Hakunipungia, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika.

Kwa kina Clarisse, Katuba, tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili. Watu walisali kwa sauti, waliimba wakifagia, waligombana na kupatana kwa majina ya watakatifu. Nilidhani nitajisikia kama ndege. Nilipata kipaimara Pentekoste, mama yake Clarisse, kama msimamizi wangu, ameweka mkono begani mwangu mahali pa Yaya Filo, ambaye alituma ujumbe kwamba atajaribu kuja. Niligeuka kutazama mlango wa kanisa mara tatu. Kila kwaya ilipoanza, nilisikia mchi. Nilikuwa nimetoka mimi. Yaya Filo na Nanu walibaki. Kwa miaka mingi nimealikwa kuzungumza na vijana wa parokia, na nimeisimulia habari hii kama ushindi: msichana aliyekataa kudanganya. Wanapiga makofi. Nilikuwa naiacha nje sehemu ya dada yangu, kwa sababu haipigiwi makofi. Nilikuwa na mahali pa kwenda. Yeye alikuwa na mtoto, na mume aliyempenda, na jeraha la mume huyo la kulitunza kila siku. Ile "ndiyo" yake niliyoidharau, leo sijui kama ningeweza kuibeba mwaka mmoja.

Mtihani niliufanya. Mwezi wa nane majina yalisomwa redioni, na langu likiwamo, na Katuba nzima ilinipaka unga kichwani kama desturi ilivyo. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Saa saba mchana tulikuwa tumezunguka chakula, mlango uko wazi kwa sababu ya joto, na baba yake Clarisse alianza kuombea meza. Mzee yule alikuwa na sala ndefu. Aliombea wagonjwa, wasafiri, wauzaji wa sokoni, wakubwa wa nchi, mvua iliyokuwa bado haijakaribia. Bukari ikawa inapoa. Nilifumbua macho kidogo, kwa utovu wa adabu wa njaa, na nje juani nilimwona Shemeji Donatien amesimama katika shati lake jeupe, hatua mbili kutoka mlangoni. Alikuwa amevua kofia. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama chini, na uso wake ulikuwa mgumu kama siku zote. Hakuwa anasali, wala sitamsingizia. Nyuma yake, mahali asipoweza kumwona, alisimama dada yangu, macho amefumba, na midomo yake ilikuwa inaenda pamoja na maneno ya mzee.

Nilijua anavyochukia jambo hilo. Angeweza kuita kutoka pale aliposimama, na sala ingekatika. Angeweza kugeuka akaondoka. Jua lilikuwa kali, jasho lilimshuka shingoni, na mzee alikuwa bado hajafika hata kwa marehemu wa ukoo. Shemeji alihamisha kofia kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaendelea kusimama. Sote tuliposema "Amina," ndipo aliponyosha kidole akagonga bati la mlango, taratibu, mara mbili.

"Hodi mu nyumba," alisema.